Ninavyochagua njia za kupanda farasi zenye mandhari, na kwa nini siamini picha za watu

Jamani nimechoka na huu ushauri wa "we tafuta tu sehemu yenye mandhari, utafurahi". Wengi wanaoutoa hawajawahi kukaa juu ya farasi aliyegoma katikati ya njia. Mandhari ipo, milima ipo, misitu ipo, maziwa yapo, shida ni kupata njia ambayo farasi ataipita akili yake imetulia, manake asipotulia na wewe huoni kitu, unaona masikio yake mawili yaliyosimama na unaomba Mungu. Kwa hiyo mi naanza chini, kwenye kwato, mandhari inakuja mwisho kabisa. Na bila kujisifu sana, nimeona mandhari nyingi kuliko hao wanaoanza nayo.

Ngoja niwape kisa. Kuna jamaa anajiita mzoefu, akanisifia njia ya ukingoni mwa bonde, akatuma na picha, jua linazama, mto unang'aa kule chini, we acha tu. Kumbe yeye alipita kwa miguu! Hilo akaona si la kusema. Mwanzo ilikuwa poa kweli, pana, udongo laini, farasi anatembea shingo chini mdomo unatafunatafuna, dalili nzuri hiyo. Kisha ikaanza kubana. Huku jabali, huku bonde, na mbele daraja la mbao ambazo zimeachana, yani maji unayaona yanametameta katikati ya mbao. Mtu wa miguu anaruka pengo anaendelea na stori zake. Farasi akaweka kwato moja, ikalia gomm, mguu ukarudi utadhani kakanyaga kaa la moto. Akapuliza pua, akainama kunusa, akakataa. Nikashuka nikatangulia na hatamu mkononi, akanyoosha shingo mpaka ikaisha ila miguu iko palepale. Na simlaumu hata kidogo, mtu mwenye kilo zake kama 500 akikwambia hili daraja silielewi, msikilize.

Haya, kurudi sasa. Kugeuka haiwezekani, farasi kutoka pua hadi mkia ni zaidi ya mita mbili na njia haifiki hata nusu yake. Ikabidi arudi kinyumenyume, na hapa mniache nijivune kidogo kwa sababu hili nilishamfundisha zamani kwa magogo mawili yaliyolazwa chini, wenzangu wakawa wananicheka eti unamfundisha farasi kuegesha gari. Nikasimama mbele yake, namgusa kifuani, hatua moja, simama, pumua, msifie, hatua nyingine. Siri iko kwenye kichwa. Ukikisogeza kichwa kidogo upande wa bonde, makalio yanakwenda upande wa jabali, na huko ndiko unakoyataka. Ukikivuta upande wa jabali kwa woga wako, umemtupa mwenyewe. Tulienda hivyo hivyo polepole mpaka penye upana kidogo, nikamgeuza uso ukiangalia bonde na makalio yakiwa mlimani. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu wanaogopa asilione bonde, lakini miguu ya nyuma ndiyo asiyoiona, sasa ukiiweka ukingoni unategemea nini?

Baada ya pale nikasema njia ngeni siingii na farasi kabla sijaipita kwa miguu, angalau kile kipande kinachonitia shaka. Na ninachotafuta, samahanini, ni mavi. Msicheke. Mavi ya farasi ndio maoni ya kweli ya njia, hayadanganyi wala hayajatumwa na mtu. Yale ya mwanzoni pale panapoegeshwa magari usiyahesabu, hapo kila mtu anashusha farasi wake na lazima yawepo. Ingia ndani, kilomita ya kwanza, ya pili, yapo bado? Yana unyevunyevu au yameshakuwa majani makavu? Halafu soma nyayo. Kiatu cha farasi kimefungwa mbele kimeachia nyuma, kwa hiyo ule upinde unakuonyesha alikoelekea. Kuna njia moja niliifuata hivyo, nyayo zinaingia vizuri mpaka kwenye uwazi fulani, ghafla ardhi imechimbika duara zima na pinde zote zinaangalia nilikotoka mimi. Sikuona chochote cha kutisha, majani tu mazuri ya kijani, yamestawi kuliko ya kwingine. Nikachoma fimbo, ikazama hadi nusu bila hata kusukuma. Tope tupu chini yake. Farasi wa watu walishalijua, waliopiga picha za yale majani hawakulijua.

Hiyo fimbo hiyohiyo naibeba imesimama, ncha yake iko juu ya kichwa changu kwa kiasi cha kufikia pale kichwa kinapokuwa nikiwa kwenye tandiko. Ikigonga tawi, ujue ni tawi litakalokugonga usoni. Ukitembea kwa miguu matawi huyaoni kabisa, kila njia inaonekana ina dari refu.

Picha za watu sizitupi lakini natazama chini, si mawinguni. Naikuza ile picha mpaka ardhi ionekane, mawe yana ncha au ni changarawe, mchanga ni mzito kiasi gani (mchanga wa kuzama unachosha mishipa ya miguu ya farasi, picha inapendeza ila ukitoka hapo anachechemea), mzizi umekatiza, ngazi zimejengwa. Ngazi nikiziona nafunga hapo hapo.

Kwenye ramani mi ni mtu wa kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ile ya 1:25,000 ndio naipenda, sentimita 4 ni kilomita moja, inatosha kuona vitu. Njia ikikata mistari moja kwa moja maana yake inapanda wima, maji ya mvua yameichimba na tandiko litarudi nyuma njia nzima. Njia inayokwenda sambamba na mistari, ikiwa mistari ya chini yake imebanana, hiyo ndio dhahabu, uko kwenye ubavu wa mlima, farasi hapandi wala hashuki, na upande mmoja wote uko wazi. Mandhari yangu bora zote nimezipata hivyo, hakuna aliyenielekeza. Ila angalia upana kwanza, yasijekuwa yale ya daraja.

Ruhusa nayo msiidharau, kuwepo njia si kuruhusiwa. Uingereza njia za miguu na njia za farasi ni vitu viwili kwenye ramani, na hizo za farasi baiskeli nao wameruhusiwa tangu 1968. Marekani ile Pacific Crest Trail, zaidi ya kilomita 4,200, ni ya miguu na farasi, baiskeli haziingii. Mi nauliza mapema nachangia njia na nani, kwa sababu baiskeli inayoteremka kimyakimya kutoka nyuma ni balaa. Ukikutana nao waombe waongee tu, lolote lile, farasi akisikia sauti ya mtu anaelewa kumbe ni mtu.

Muda hesabu kwa saa. Farasi akitembea kawaida ni kama kilomita 6 kwa saa, mlimani pungufu, na zile programu zinazokuambia "saa moja na nusu" zimempigia hesabu mtu mwingine. Napenda njia ya mzunguko kuliko kwenda na kurudi palepale, manake farasi akijua tumegeuka kuelekea nyumbani anaanza kuvuta na mandhari inapita kwa shoti. Kwenye mzunguko naupanda upande mkali akiwa bado na nguvu, nateremkia upande wa taratibu. Nikiondoka asubuhi napanga jua liwe mgongoni, likiwa usoni wote wawili tunapepesa macho tu.

Sasa hivi natafuta njia yenye kivuko cha maji chenye changarawe chini, pawe pa kunyweshea pia. Mwenye nayo aniandikie, na tafadhali aseme kabisa alipita na farasi au na raba zake.