Nilivyoziba sakafu iliyooza ya Beetle chini ya betri

Kwenye gari la Volkswagen Beetle la miaka ya 1960, sehemu ya kukagua kwanza ni sakafu ya nyuma kulia, chini ya kiti, pale betri inapokaa. Asidi hula rangi, kisha unyevu wa zulia unamalizia. Tundu nililoliona lilikuwa dogo kama sarafu. Nilipobandua lami ya kuzuia kelele na kuchokoachokoa kwa bisibisi kuukuu, bati likaendelea kutoboka, na mwishowe kiraka kilifika sentimita 22 kwa 30.

Kabla ya kushika grinda niliosha asidi kwa vijiko 4 vya soda ya kuokea katika lita 1 ya maji. Povu likitoka, asidi bado ipo. Rudia mpaka litulie, suuza, kausha kabisa. Ukiruka hatua hii, kutu hurudi chini ya rangi mpya.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bomba la petroli la Beetle hupita ndani ya handaki la katikati ya sakafu. Nilimwaga tangi, nikalifungua bomba pande zote mbili na kulipuliza kwa kompresa. Mtungi wa kuzimia moto ulikaa mkono unapofika.

Nilikata sentimita 3 nje ya kutu, hadi chuma cheupe. Kuchomelea kwenye bati lililoliwa ni kazi bure, linayeyuka na tundu linakua. Kiraka nilikipima kwa kadibodi kwanza, kisha nikakata shiti nyeusi (bati la chuma lisilopakwa zinki) ya milimita 1. Usitumie bati lililopakwa zinki lote, moshi wake ni sumu. Sakafu ya asili ina mikunjo inayoipa ugumu, kwa hiyo niligonga mikunjo kama hiyo kwenye kiraka juu ya nondo. Shiti bapa hupiga kelele kama debe gari likienda.

Kiraka kilipanda juu ya bati zima kwa milimita 15, na nyuso zinazogusana nilizipaka praima ya zinki ya kuchomelea, yaani rangi ya kwanza inayozuia kutu na inayoruhusu kuchomelea juu yake. Kwenye bodi ya nje ningeunganisha ukingo kwa ukingo, maana mpandano huonekana. Nilitumia migi (mashine ya kuchomelea inayolisha waya yenyewe), waya wa milimita 0.6, nukta moja ya kuchomelea kila sentimita 3, nikiruka upande wa pili kila mara. Mwanzoni nilivuta mstari wa sentimita 8 bila kupumzika, shiti ikapinda na ikabidi kukata tena. Joto ndilo linaloharibu. Ngoja hadi unaweza kushika kwa mkono, ndipo ujaze nafasi kati ya nukta.

Baada ya kusaga, vishimo vya kutu vilivyobaki nilivipaka asidi ya fosforiki, nikasafisha kama maelekezo yanavyosema, kisha praima ya epoksi mikono 2. Praima ya kawaida hupitisha unyevu. Viungo nilivifunga kwa silanti (gundi ya kuzuia maji) juu na chini, na chini kabisa rangi ya lami. Puti, ile ya kujazia mashimo ya bodi, haikuhitajika, na sakafuni si mahali pake: inaficha kutu wakati bati linaendelea kuliwa.

Betri ilirudi juu ya trei ya plastiki, na kifuniko chake kikarudishwa. Bila kifuniko, springi za kiti zikibonyea hugusa nguzo za betri na kuwasha moto.