Nilivyounganisha diski nne zikawa moja

Nilikuwa nahariri video, na kila nikisogeza mbele kidogo picha inaganda. Nikailaumu prosesa. Kumbe prosesa imekaa tu, inasubiri diski, ambayo ilikuwa inasoma megabaiti kama 150 kwa sekunde na hapo ndipo nguvu zake zilipoishia.

Nikachukua diski nne za ukubwa mmoja, nikaziunganisha kwa RAID 0, yaani mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja. Kwenye Linux ni amri moja ya mdadm, programu ya kuunganisha diski. Faili inakatwa vipande vinavyolingana, mimi niliweka kilobaiti 64, halafu vipande vinagawiwa kama karata: cha kwanza diski ya kwanza, cha pili ya pili, cha tano kinarudi ya kwanza, safu ya chini yake. Nilichopenda ni kwamba hakuna daftari la kuandika kipi kiko wapi. Ukihesabu kuanzia sifuri, kipande namba 10 ukigawa kwa 4 unapata 2 na baki 2. Baki inakupeleka diski namba 2, jibu linakupeleka safu namba 2. Basi.

Nikafungua video kubwa, taa zote nne zikawaka kwa pamoja, kasi ikapita megabaiti 500. Ila folda yangu yenye maelfu ya faili ndogondogo haikubadilika hata chembe nilipoinakili. Faili ya kilobaiti 10 huwa inaenea ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo diski moja inahangaika na tatu zinatazama.

Miezi kadhaa baadaye diski moja ikaanza kugonga tik-tik, ikafa, na kazi yote ikaenda nayo. Kila video ilikuwa na tundu kila baada ya vipande vitatu. Watafiti Patterson, Gibson na Katz walipoeleza RAID mwaka 1988 walitaja ngazi ya 1 hadi ya 5. Hii ya sifuri ilikuja kuongezwa baadaye, na haina nakala ya akiba yoyote ndani yake. Bahati yangu nakala nyingine zilikuwa kwenye diski ya nje, isipokuwa za wiki ya mwisho.

Sasa natumia RAID 10: diski mbilimbili zinabeba kitu kilekile, kisha vipande vinagawiwa kati ya jozi hizo. Nafasi imebaki nusu, na kuandika ni kasi ya diski mbili tu. Siku ya kwanza nilichomoa waya wa diski moja makusudi, video ikiwa inacheza. Haikukwama.