Ngazi za shule Tanzania: nilivyozisoma kutoka juu kushuka chini

Wazazi wengi huhesabu ngazi za shule kuanzia chini: awali mwaka 1, msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kidato cha tano na sita miaka 2, kisha chuo. Nilipokuwa namsimamia binti yangu aliyetaka udaktari, nilihesabu kinyume. Nilianza na kile kinachodaiwa chuoni, nikashuka hadi darasa alilokuwapo. Uamuzi unaofungua au kufunga ngazi ya juu hufanyika chini kabisa, mara nyingi mzazi akiwa hajui kwamba kuna uamuzi unafanyika.

Kozi nyingi za shahada zinataka masomo mawili ya kidato cha sita yenye E au zaidi, na jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Maana yake ni tahasusi ya PCB, yaani mchanganyiko wa masomo hayo matatu kidato cha tano na sita. Na PCB haimpokei aliyeacha Fizikia huko nyuma.

Hapo ndipo nilipokaza macho. Katika mtaala aliosoma binti yangu, Hisabati na Baiolojia ni za lazima miaka yote minne, lakini Fizikia na Kemia ni za lazima hadi kidato cha pili tu. Baada ya upimaji wa Novemba, mwanafunzi anaingia kidato cha tatu na kuchagua. Wengi huacha Fizikia kwa sababu shule haina mwalimu, au marafiki wameelekea masomo ya sanaa. Mtoto wa miaka 15 au 16 amejiondoa kwenye udaktari, uhandisi na ufamasia, na nyumbani hakuna aliyeambiwa. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma kabla shule haijafungua Januari, nikaomba kuona orodha ya masomo yake. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulipofika niliomba kuiona tena, maana somo lisilosajiliwa Baraza la Mitihani halifanyiwi mtihani hata kama limesomwa.

Matokeo yakitoka, usidanganywe na daraja. Daraja la kidato cha nne linatokana na masomo 7 bora, ambapo A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Chukua mtoto mwenye B ya Uraia, Historia na Kiswahili, C ya Jiografia, Kiingereza na Baiolojia, D ya Kemia, na F ya Hisabati na Fizikia. Masomo yake 7 bora yanampa pointi 19, daraja la pili safi, nyumba nzima inashangilia. PCB haipati, kwa ile F ya Fizikia ambayo haikuhesabiwa kwenye daraja. Kwa kidato cha tano tazama kwanza C tatu au zaidi bila kuhesabu masomo ya dini, kisha masomo matatu ya tahasusi yenyewe.

Kuna pia Selform, fomu ya machaguo ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule na vyuo. Mwanafunzi huijaza shuleni kabla ya mtihani, mara nyingi kwa haraka. Matokeo yakishatoka, mfumo hufunguliwa kwa muda ili abadilishe tahasusi au chuo. Muda huo ukipita, anapangiwa kwa machaguo ya zamani. Kaa na mtoto, fungueni akaunti pamoja, hifadhini nywila, na msisubiri siku ya mwisho kwa sababu mfumo huelemewa.

Njia ya pili niliiweka wazi tangu mwanzo, na naiheshimu sana: D ya Fizikia, Kemia na Baiolojia inaweza kumwingiza mtu kwenye stashahada ya utabibu ya miaka 3, na akimaliza kwa wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba udaktari wa shahada. Ni ndefu zaidi, lakini katikati yake mtu ana kazi mkononi.

Jambo dogo linalowaliza wengi ni jina. Jina linalosajiliwa shule ya msingi ndilo linalopanda hadi kwenye vyeti. Linganisha na cheti cha kuzaliwa kabla ya mtihani wa darasa la saba, herufi kwa herufi, wakati mwalimu mkuu bado anaweza kurekebisha. Likitofautiana, utahangaika wakati wa kuomba mkopo wa chuo.

Mdogo wa binti yangu aliingia darasa la tatu Januari 2024, mwaka ambao mtaala mpya ulianza. Elimu ya msingi kwake inaishia darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo wanamaliza darasa la saba wa mtaala wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Nimeshaanza kuuliza shule za jirani zina madarasa mangapi na walimu wangapi wa Fizikia.