Siku moja maishani mwangu: kutengeneza mzimu wa 1918 kwenye baridi ya Njombe

Saa 10 na nusu alfajiri

Alamu inalia na mimi sitoki. Njombe mwezi wa saba sio pa kutoa mguu nje ya blanketi hivi hivi, nimelala na soksi mbili na koti na bado pua imeganda. Chumba nashea na dada wa meka-api pamoja na masanduku manne ya mavazi, ukuta wa pili analala mzimu, yaani kaka anayeigiza mzimu, na anakoroma ile mbaya.

Kwa wasionijua, mimi nashughulika na kila kitu kinachovaliwa na kushikwa kwenye sini za filamu. Mtu akitokea na saa mkononi kwenye hadithi ya zamani hatatukanwa yeye, nitatukanwa mimi.

Hadithi yenyewe kwa kifupi: Oktoba 1918, vita ya Wajerumani na Waingereza iko ukingoni, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, karudi kutoka Msumbiji kwa kuvuka Ruvuma, anakatiza Songea na huku Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), nyuma yake njaa, na ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima nayo inaingia. Kijiji chetu kinaanza kugongewa milango usiku na mpagazi aliyechukuliwa kubeba mizigo akafia njiani. Anataka hela yake, basi. Hanyonyi damu wala hali mtu, anadai tu.

Niliposoma skripti mara ya kwanza nikasema hii ndo kazi, maana wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa na kuhara na homa, na pande zote mbili ziliwatumia. Kariakoo mnayoenda kununua viatu jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Watu tunapita pale kila siku tunagombania bei.

Saa 12

Tuko lokesheni. Ukungu umejaa bonde zima, nyasi nyeupe kwa jalidi, zizi la ng'ombe huoni mpaka uligonge na goti. Tumekodi mashine ya moshi kutoka Dar na tumeilipia siku tatu, imekaa kwenye gari inatuangalia. Sisemi kitu.

Kazi ya asubuhi ni kufuta miaka mia na kitu. Kijiji ni kizuri ila kina bati, kina mnara wa simu, na kilima kizima cha nyuma ni miti ya kupandwa, misindano na miwati. Kameramani anakipenda kile kilima kufa, kila siku anakirudia. Nikamwambia kaka, mashamba makubwa ya miwati ya Njombe yamekuja na Waingereza baada ya vita kuu ya pili, misindano hata Sao Hill pale walianza kuijaribu 1939, sasa mzimu wako wa 1918 unatokea msituni kwa nani? Akaguna akageuza kamera upande wa mianzi. Mianzi sawa, ulanzi wake watu wamekunywa tangu na tangu.

Halafu washiriki wa kijijini wakaanza kufika. Wazee kwa vijana wamevaa vizuri, wamejipaka mafuta, mmoja kaja na jezi ya Yanga ndani ya kaniki eti baridi. Mwingine makatambuga, nikamwambia babu hiyo ni tairi ya gari, akanijibu hata gari lilikuwepo wakati wa Mjerumani, na nikashindwa kumjibu maana sio uongo. Ila akavua. Akina dada wenye rasta tukawafunga vitambaa vya merikani. Wote peku kwenye jalidi, na hapo roho iliniuma nikawaomba wawe wanasimama kwenye magunia mpaka watakapoitwa.

Saa 3 asubuhi

Hapa ndo siku yangu ilipobadilika.

Kwenye sini ya usiku mzimu anadondosha hela kizingitini. Sasa pesa za Mjerumani nitazitoa wapi, nilichofanya nilienda duka la vifaa vya ujenzi Makambako nikanunua washa za bolti arobaini, nikaziloweka kwenye siki na chumvi, nikazifukia kwenye majivu siku mbili. Kwa mbali zinatoka safi kabisa, tundu katikati na kila kitu. Nazipanga kwenye ungo juani (jua gani, basi tu lilikuwepo), bibi mwenye nyumba tuliyokodi akaja akasimama juu yangu.

Nikamwamkia Kibena, "Kamwene, bibi." Akaitikia huku anaangalia ungo. Akachukua washa moja, akaiweka kwenye jino, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjukuu wangu, hii si ya baiskeli hii?"

Akaingia ndani, akakaa muda, akatoka na kifundo cha kitambaa. Ndani kuna hela yenyewe, hela kumi ya Kijerumani. Imelika pembeni, tundu halijakaa tena duara, limevutika upande mmoja pale kamba ilipokuwa inapita, maana watoto watatu wa ukoo ule wamevalishwa shingoni kwa nyakati tofauti. Juu ya tundu kuna taji bado unaliona ukiinamisha, mwaka umefutika umebaki 19 na ukungu wa namba. Nilikuwa najua kwamba neno hela tumelitoa kwa Mjerumani, Heller, mia zinafanya rupia moja, lakini kujua ni kitu kimoja na kuishika ni kingine, ilikuwa ya moto kwa sababu imetoka kifuani kwake.

Nikamuuliza ya nani. Akasema ya babu yake mzaa baba. Walimchukua kubeba mizigo, akaiacha nyumbani hiyo moja, akasema zingine atakuja nazo.

Sikuuliza tena.

Saa 7 mchana

Wali maharage, chainizi. Mzimu kala sahani tatu na meka-api yote ya mdomo imeondoka na maharage. Tuendelee.

Saa 11 jioni

Ugomvi kidogo. Dairekta anataka mzimu apakwe unga mwili mzima na macho yawe mekundu, na mimi na dada wa meka-api tunasema hapana. Jamani, hizi filamu zetu za mizimu tumeshachoka na unga, mtu ukiona unga unajua unaangalia unga. Mpagazi ana alama, bega limechubuka kwa mzigo, nyayo zimepasuka, kichwani nywele zimelika alipokuwa anatwika. Hiyo ndo inatisha, kwa sababu ni mtu wa kwenu. Tukashinda nusu, unga ukabaki usoni kidogo.

Saa 2 usiku

Sini yenyewe. Ndani kibatari cha mafuta, nje taa moja nyuma ya mianzi na ukungu umerudi wenyewe bure. Mzimu anagonga mara tatu, mama wa nyumba anafungua, anapiga kelele, anakimbia. Mama wa nyumba ni bibi yetu.

Teki ya kwanza hakupiga kelele. Ya pili hakupiga kelele. Dairekta kaja kumweleza, bibi ogopa, huyu kafa huyu! Bibi akamwangalia kwa upole tu, akasema, "Mwanangu, mtu wa kwenu akirudi usiku unamkimbiaje?"

Teki ya tatu akafungua mlango, akamwangalia yule kaka kuanzia miguuni, taratibu, akafika begani, akanyoosha mkono akaligusa lile bega. Akasema, "Kamwene, baba. Wamekulipa?"

Haikuwepo kwenye skripti. Kaka wa watu akasahau sentensi yake, akatikisa kichwa, hapana. Washa zikamdondoka mkononi. Hakuna aliyesema "kati" ya kusimamisha kamera, mshika maiki alikuwa anajifuta pua kwa bega, mimi nywele zilisimama mpaka shingoni na nilikuwa najua kabisa zile ni washa za bolti.

Saa 5 usiku

Malipo. Washiriki ishirini na sita wamekaa mstari kwenye benchi wakiwa bado na kaniki, wanatetemeka, na anayeshika pesa anasema mtandao unasumbua, wakala kafunga, jamani kesho. Kimya. Mbwa anabweka ng'ambo.

Bibi akasema kutoka kwenye benchi, "Haya. Tutakuja kugonga."

Walicheka wote, isipokuwa mwenye kushika pesa. Alipanda bodaboda kwenye baridi ile akaenda kumwamsha wakala, na saa 6 na dakika kadhaa alirudi nazo, zote.

Mimi nikamrudishia bibi hela yake, sikutaka ilale kwenye sanduku langu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa simu yangu, akaipitisha kidole kwenye lile tundu, kisha akaifunga pamoja na noti zake kwenye ncha ya kanga.