Palm IIIxe yangu na betri mbili za AAA

Nilizitoa betri zote mbili kwa mpigo, nikazilaza mezani, mara simu ikaita. Nilipomaliza maongezi nikarudi kuweka mpya, Palm IIIxe yangu, kompyuta ndogo ya mkononi ya kuandikia kwa kalamu, ikawaka na kunipokea kama mgeni: shika kalamu, gusa katikati ya alama hizi ili skrini ipimwe. Miguu iliniisha nguvu. Madokezo ya miaka miwili yalikuwa yamefutika, na nakala pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Kifaa hiki kilitoka mwaka 2000. Kina kumbukumbu ya MB 8 na prosesa ya MHz 16, na skrini yake isiyo na rangi ina nukta 160 kwa 160. Kila unachoandika hukaa kwenye RAM, na RAM haikumbuki kitu umeme ukikatika. Hata ukikizima, betri zinaendelea kuilisha kidogo kidogo. Ndani kuna kapasita inayoshikilia mambo kwa kama dakika moja, muda wa kubadilisha betri na basi. Mimi nilikuwa nimeongea na simu zaidi ya dakika kumi.

Ningeweza kukitupa droo. Lakini nimekizoea, na kuna kazi moja kinachoifanya vizuri kuliko simu yangu: kupokea wazo kabla halijanitoroka. Nabonyeza kitufe cha madokezo, skrini inawaka papo hapo, naandika. Hakuna ujumbe unaoingia wala kitu kinachoniita pembeni. Kwa hiyo nikaamua kwamba kama kinabaki, basi maandishi yangu yasiishi ndani yake peke yake.

Kazi kubwa ikawa kukiunganisha na kompyuta ya leo. Kitako chake, kile cha kukisimamishia, kina plagi ya zamani ya matundu tisa, ambayo kompyuta mpakato za sasa hazina pa kuichomeka. Nilinunua adapta ya kuigeuza iwe USB. Ya kwanza ilikuwa inakata katikati ya kazi kila mara, nikapoteza jioni mbili nikidhani kosa ni la Palm. Ya pili, yenye chipu ya FTDI, ilikubali mara moja. Kwenye mfumo wa Linux natumia programu huria ya pilot-link: naandika amri ya pilot-xfer yenye -b na jina la folda, nabonyeza kitufe cha HotSync (cha kuoanisha Palm na kompyuta) kwenye kitako, nayo inanakili kila kitu. Siku ya maafa kuna -r inayorudisha vyote. Kasi ikileta shida, ishushe hadi biti 57,600 kwa sekunde. Itachukua dakika kadhaa, lakini itafika mwisho. Wenye Palm za baadaye zinazotumia USB wanahangaika zaidi, hasa kwenye Windows ya biti 64, kwa hiyo ukongwe wa plagi yangu ukageuka neema.

Sasa nanakili kila Ijumaa, na tena kila ninapotaka kubadilisha betri, bila kukosa. Betri mpya nazishika mkononi kabla sijafungua kifuniko.

Natumia za kuchaji, aina ya Ni-MH zinazotunza chaji hata zikikaa. Kipimo cha betri kilikuwa kinanidanganya, kikisema zinakwisha nami ndio kwanza nimezitoa kwenye chaja. Sababu ni kwamba betri ya kuchaji ina volti 1.2 na ya kawaida ina 1.5, na kifaa kinahesabu kama umeweka za kawaida. Kuna njia ya kukiambia: chora kile kitanzi cha njia ya mkato kwenye eneo la kuandikia, gusa mara mbili, kisha andika 7. Kila ukirudia, aina ya betri inabadilika. Tafadhali usijaribu namba nyingine kwa kubahatisha. Namba 1 na 2 zinakiingiza kifaa kwenye hali ya watengeneza programu, na hapo betri huisha upesi.

Kuna siku skrini ilianza kukosea. Nagusa herufi moja inaandikwa ya jirani, na ukingo wa kushoto ulikuwa kama unajigusa wenyewe. Nilipima skrini upya mara nne bila nafuu. Mwishowe nilikata kadi nyembamba, nikaupitisha ukingo wake polepole kwenye ufa kati ya fremu na skrini, kuanzia kona ya juu. Ikatoka mistari ya vumbi jeusi lililoshikana kama nta, pamoja na unywele mmoja. Nilipopima tena, kalamu ikatua pale pale ninapogusa. Tangu hapo nimebandika kipande cha plastiki angavu juu ya eneo la kuandikia, kwa sababu ndilo linalochakaa haraka.

Nilinunua na ya pili, iliyokwishatumika, iwe ya vipuri. Ilikuja na betri za alkali zilizovuja, springi zimefunikwa unga mweupe. Pamba iliyochovywa siki iliulainisha unga huo, nikaukwangua taratibu kwa kijiti, nikamalizia na spiriti na kuacha pakauke usiku mzima. Iliwaka.

Nimesahau kusifia mwandiko wake, Graffiti. Herufi karibu zote huandikwa kwa mkwaruzo mmoja. A ni paa la nyumba tu, halina mstari wa katikati, na kwa Kiswahili hiyo ni baraka, maana hatuendi mbali bila a. Neno kama «anakaa» linatiririka. Ng'ombe na ng'ambo ndizo zinazonipunguzia mwendo, kwa kuwa lazima kugusa kwanza ndipo uchore kile kialama. Dokezo moja halizidi herufi 4,000 hivi. Likijaa, nafungua jingine.

Sikitumii kwa barua pepe wala tovuti, na sina hamu hiyo. Ni madokezo, kalenda na orodha ya mambo ya kufanya.

Juzi niliisogeza kalenda mbele, mwaka baada ya mwaka, kuona itafika wapi. Ilisimama Desemba 2031. Tarehe zake zinahesabiwa kuanzia 1904, na nafasi ya mwaka ina biti 7 tu, yaani miaka 128. Kwa hiyo nimeanza kutumia J-Pilot, programu ya kompyuta ya kusomea data za Palm, kuyatoa madokezo yote kama maandishi ya kawaida, faili moja kwa kila mwezi. Nimefika Machi ya mwaka jana. Kalenda yenyewe nitaihamisha baadaye, madokezo kwanza.