Peponi, kutoka Tabora hadi Kigoma

Wiki iliyopita nilipanda treni ya Kigoma pale Tabora nikiwa na Peponi mkobani, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022, nami nilikusudia kusoma hadi Kaliua tu kisha nilale. Sikulala.

Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni pamoja na tajiri aliyezoea kumwita kwa jina la udugu. Ni huko pwani, katika duka analowekwa kufanya kazi, ndipo Khalil, kijana aliyeletwa hapo kwa njia hiyo hiyo, anapomfahamisha kwamba tajiri huyo si ndugu yake hata kidogo, na kwamba baba yake amemtoa rehani kwa sababu ya deni. Nilifunga kitabu nikakiweka mapajani. Ukimya wa wazazi wake ndio ulioniumiza.

Baba yangu naye alitolewa kwao Ujiji akiwa na miaka 11, akaletwa Tabora kwa reli hii hii kukaa kwa mfanyabiashara aliyeambiwa amwite baba mdogo. Alisomeshwa, na chakula alishiba, lakini alilala dukani juu ya magunia. Alinisimulia mara moja tu, kwa maneno machache, nami kwa haraka za ujana sikumwuliza zaidi.

Safari ya Yusuf na msafara wa biashara niliisoma kulipokucha, tukiwa upande wa Malagarasi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi walipita nchi hii kwa miguu wakipeleka pembe za ndovu pwani, na Ujiji ndiyo iliyokuwa bandari yao ya ziwani. Gurnah anaeleza homa, hongo zinazodaiwa njiani, na mwisho mtawala aitwaye Chatu anayewanyang'anya wasafiri mali yao. Na katika Kiswahili mambo hayo yanasomeka kana kwamba yamerudi kwao. Hata hivyo macho yangu yalimfuata mtoto yule tu, anayetamaniwa na wengi na asiye na wa kwake.

Tulipofika Uvinza, wauza chumvi wakiwa madirishani, nilikuwa nimebakiza kurasa chache na machozi yananitoka. Mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza, "Pole mwanangu, umefiwa?" Nikamjibu kwamba nasoma. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi pole na hicho unachosoma."

Nilimkuta baba barazani. Baada ya shikamoo, hata kabla sijaletewa maji, nikamwuliza ni nani aliyemsindikiza stesheni siku ile. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba ni mama yake, na kwamba alimfungia migebuka ya kukaanga katika jani la mgomba, naye hakuila mpaka ikaharibika, kwa sababu angeila ingekwisha.