Marinda ya gaguro: uzi ulikuwa unakatika

Nashona gaguro la mtindo wa Uingereza ya miaka ya 1850, la kuvaliwa chini ya gauni la mchezo wa jukwaani hapa Kisumu. Kitambaa ni marikani nzito, na uzi wa kukusanyia marinda ulikatika kila nilipouvuta. Kubana mita 6 ziingie kwenye mita 3 ni kazi!

Dawa ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Huku ziwani haukosekani. Ulaze juu ya kitambaa, kisha shona zigizaga pana juu yake, sindano isiuguse kabisa. Gawa kitambaa cha marinda na sketi kinaposhonewa sehemu 4 kila kimoja, bana alama kwa alama kwa pini (hatua hii usiiruke), ndipo uvute polepole. Ukishapiga mshono wa kawaida, nailoni inachomoka yote.